Mzee Muhidin na Mnyororo wa Pete Hamsini na Saba

Tarehe 31 Desemba 1957, king'ora cha saa kumi na moja jioni kitakapolia, Bwana Muhidin Dualeh atavua aproni yake ya ngozi na kutoka nje ya lango letu akiwa mstaafu. Atakuwa ameitumikia Karakana ya Tarrow na Wenzake, hapa Nakuru, kwa miaka thelathini na mmoja, miezi miwili na siku sita. Hizo siku sita amezihesabu mwenyewe, na amemwagiza mwandishi asizile.

Kwa desturi ya karakana hii, wasifu wa anayestaafu huandikwa na nyapara, nao husomwa mbele ya wafanyakazi wote kabla ya chai ya kuagana. Mwandishi amekwisha kuandika za watu wanne, na zote aliziandika kwa siku moja moja. Huu umemkalia shingoni majuma matatu. Sababu yake itaonekana huko mbele. Kwanza tumsifu mtu wetu, maana anastahili.

Mzee Muhidin ni mpima minyororo. Hakuna kitu kizito kilichoinuliwa hapa tangu mwaka 1933, iwe injini ya trekta, mashine ya kuvunia ngano au boila ya kiwanda cha mbao, bila mnyororo wake kupita kwanza mikononi mwake. Mnyororo mzuri aliutia alama ya chokaa. Mbaya aliutupa kwenye pipa la vyuma chakavu, na hapo hata mwenye karakana akija na kofia yake mkononi hakurudishiwa. Neno lake alipendalo ni “Hapana.” Hulisema taratibu, bila hasira, kisha huendelea na kazi yake kana kwamba amekuambia ni saa ngapi.

Alizaliwa Naivasha, mwaka ambao hana hakika nao. Marehemu baba yake alikuwa na magari ya kukokotwa na ng'ombe, akipeleka mizigo kutoka Nakuru hadi Ravine na Uasin Gishu kabla reli haijafika huko. Ng'ombe kumi na sita walifungwa kwenye mnyororo mmoja, na siku moja kwenye tope la Mau mnyororo huo ukakatika. Gari lilirudi nyuma likaua ng'ombe wawili. Muhidin aliiokota pete iliyokatika akashangaa, maana haikuwa imeliwa na kutu wala haikuwa nyembamba. Ilikuwa ndefu kuliko wenzake. Anasema hakupata usingizi mzuri mpaka alipoelewa jambo hilo, na ilimchukua miaka kumi na mitano.

Aliajiriwa kwetu Oktoba 1926 kubeba makaa ya tanuri. Baada ya miaka mitatu alipewa nyundo, na baada ya mingine minne akapewa kazi ya minyororo, ambayo wakati huo hakuna aliyeitaka. Ilikuwa kazi ya kuambiwa mchawi na mchelewesha kazi. Yeye aliishika kwa mikono miwili.

Sasa tuseme kidogo juu ya ujuzi wake, kwa faida ya vijana na ya wake zetu watakaokuwapo kwenye chai, ambao kwa miaka mingi wamesikia waume zao wakimlaumu bila kujua kwa nini.

Somo lake la kwanza kwa kila mgeni ni kwamba chuma hunyumbuka. Watu hudhani mpira ndio unaonyumbuka, na chuma hukaa tu kama jiwe. Ukikitundikia chuma mzigo, hata mdogo, kinarefuka, ila kwa kiasi kidogo ambacho jicho halikioni. Ukifanya mzigo kuwa mara mbili, kurefuka nako kunakuwa mara mbili. Ukiutoa, chuma kinarudi kwenye urefu wake wa asubuhi na hakibakizi hata unene wa unywele. Kwa hiyo Mzee husema chuma ni kitiifu kuliko mpira. Kipande cha tyubu ukikivuta sana leo, kesho hukikuti kama ulivyokiacha.

Somo la pili ni la unene, na hapo ndipo alipowapata wengi, mwandishi akiwa mmoja wao. Alikuwa akiuliza: fimbo ya chuma nene inchi moja inabeba tani kadhaa kwa usalama, je, fimbo ya nusu inchi itabeba kiasi gani? Kila mtu alijibu nusu. Mzee alicheka mpaka kofia ikamwanguka. Kisha alileta mizani, akaweka kipande kimoja kinene upande huu, na upande wa pili akakuachia vipande vyembamba vya urefu uleule uvipange mwenyewe mpaka mizani ikae sawa. Vilihitajika vinne. Basi ile nyembamba inastahili robo tu, na ukiibebesha nusu, kila sehemu ya chuma ndani yake inaumia mara mbili kuliko ilivyopasa. Wengi waliosomea darasani hawakulijua hilo, na yeye alilijua kwa mizani ya kupimia misumari.

Somo la tatu ndilo lililomfanya agombane na watu. Kuna mpaka. Chuma kikivutwa kupita mpaka wake hakikatiki hapo hapo. Kinaendelea kushika mzigo, kinang'aa vilevile, lakini ukiutoa mzigo hakirudi chote. Kinabaki kirefu kidogo. Kwa maneno yake, kimekwisha kusahau njia ya nyumbani. Ubaya zaidi ni kwamba chuma cha namna hiyo, ukikipa tena mzigo uleule, kinajibu kiungwana. Kinarefuka kidogo, kinarudi, nawe unadanganyika kwamba ni kizima. Kitu pekee kinachoweza kukishtaki ni urefu wake wa siku ya kwanza.

Ndiyo maana aliweka fito. Mnyororo mpya ulipofika kutoka Mombasa, kabla haujainua chochote, aliutundika, akakata ufito wa mtarakwa mkavu wenye urefu uleule, akauandika namba ya mnyororo na kuutundika ukutani stoo. Kila Jumatatu, na kabla ya kila kazi nzito, mnyororo ulining'inizwa kando ya ufito wake. Mnyororo wa futi kumi na mbili ukizidi ufito kwa inchi mbili, kwaheri. Leo kuna fito arobaini na tatu ukutani, na mgeni akiingia hudhani tunataka kujenga banda la kuku.

Mwaka 1938 alikuja bwana mmoja mwenye elimu ya vyuma kutoka Nairobi, akiwa na kitabu kinene. Alimwuliza Mzee, kwa njia ya karani, anajuaje mpaka wa chuma uko wapi. Mzee alichukua chokaa akachora sakafuni mstari unaopanda sawasawa, kisha ukainama na kulala. Akaonyesha sehemu iliyonyooka akasema hapa chuma kinarudi nyumbani, akaonyesha palipoinama akasema hapa hakirudi. Yule bwana alifungua kitabu chake, na ndani yake kulikuwa na mchoro huohuo. Walipeana mikono, na tangu siku ile Mzee alivimba kichwa karibu mwezi mzima.

Tabia hii haikubaki karakana. Mkewe, Bibi Kuluthum, ambaye yuko nasi leo, atathibitisha kwamba kamba za kitanda chao huko Bondeni zilipimwa kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi, na kwamba aliwahi kulala chini siku tatu kwa sababu kitanda kilikuwa kimekataliwa. Kuna kanisa moja upande wa Bahati ambalo waumini wake walimwomba atazame kamba ya kengele wiki moja kabla ya Krismasi. Aliitazama, akaivuta, akaipima, akasema hapana. Mwaka ule Wakristo wa huko waliitwa ibadani kwa kupigiwa kipande cha reli, na mchungaji alilalamika kwamba Mwislamu ameiba kengele yao. Pasaka ilipofika kamba ilikuwa mpya, na Mzee alialikwa akala mayai.

Hayo ni ya kucheka. Sasa tufike Aprili 1951.

Mvua ya masika ilikuwa kubwa mwaka huo. Mwenye kiwanda kimoja cha mbao upande wa Elburgon alituletea boila ya tani sita ili tubadilishe mabati ya chini yaliyoliwa na kutu. Ilipaswa kuinuliwa kwa minyororo miwili pacha, namba 14 na namba 15, iliyonunuliwa siku moja. Kila mmoja ulikuwa na unene wa robo tatu ya inchi na pete hamsini na nane, nao ungebeba tani tatu. Chini ya boila angelala Joash, fundi wetu wa mabati, akikata riveti kwa nyundo na patasi. Joash alikuwa ameoa mwezi mmoja tu kabla ya hapo.

Wiki iliyotangulia, mtu mmoja wa karakana alikuwa ameuchukua mnyororo namba 14 bila ruhusa, akaenda kuvuta lori lililozama kwenye tope la barabara ya Bahati. Lori lilivutwa kwa mishtuko, mara kumi, mara ishirini, mpaka likatoka. Mtu huyo alipourudisha mnyororo aliutundika kando ya ufito wake akaona umezidi kwa inchi mbili na nusu. Mpya ungechukua majuma matatu kufika kutoka Mombasa, na angeulizwa lori lilihusu nini. Basi Alhamisi, saa ya chakula cha mchana, watu walipokuwa nje, aliutia mnyororo kwenye tanuri, akakata pete moja akaitoa, akaunganisha tena zilizobaki, akaupaka mafuta na masizi. Pete moja ya mnyororo ule ina urefu wa inchi mbili na nusu. Ulipotundikwa tena ulilingana na ufito sawasawa.

Ijumaa asubuhi Mzee Muhidin aliupima. Ufito ulisema uko sawa. Aliutundikia mzigo wa jaribio, ukarefuka kidogo, akautoa, ukarudi. Alitia alama ya chokaa. Boila ikainuliwa, Joash akaingia chini, na Mzee akaenda kuoga akavaa kanzu nyeupe, akaenda msikitini.

Alirudi saa saba na nusu mchana. Kutoka mlangoni aliiona minyororo yote miwili kwa mstari mmoja, mmoja mbele ya mwenzake. Juu kabisa, pete zake zilifunikana. Ukishuka na macho zilianza kuachana, kidogo kidogo, na zilipofika kwenye ndoano za chini zilikuwa zimepishana kwa pete nzima. Minyororo ile ilikuwa pacha na ilikuwa na urefu mmoja. Haikuwezekana pete zipishane. Mzee alisimama akahesabu kwa kidole hewani, huu kisha ule. Namba 15 ilikuwa na pete hamsini na nane. Namba 14 ilikuwa na hamsini na saba.

Alielewa papo hapo. Kama pete hamsini na saba zinafika mahali pa hamsini na nane, basi kila moja imerefuka, na hakuna hata moja itakayorudi. Na chini yake Joash alikuwa akipiga nyundo, na kila pigo lilikuwa mshtuko juu ya mnyororo uliokwisha kuvuka mpaka.

Hakupiga kelele mlangoni. Alikimbia na kanzu yake, akaingia kwa magoti chini ya boila, akamshika Joash mguu. Joash alisema, “Mzee, ngoja kidogo, imebaki riveti tatu tu.” Mzee alisema, “Toka. Toka sasa hivi,” na kabla hajamaliza alikuwa amekwisha kumburuta hadi nje, patasi mkononi. Wote wawili walikuwa weusi kwa masizi, na kanzu ile Bibi Kuluthum hakufanikiwa kuitakasa tena.

Bwana Tarrow alitoka ofisini amekasirika, maana mwenye kiwanda alikuwa pale akingoja. Alisema kwa Kiswahili chake, “Wewe mwenyewe nasema asubuhi mnyororo iko sawa!” Mzee alijibu, “Ndiyo, Bwana. Asubuhi mimi nilisema iko sawa. Sasa mimi nasema hapana.” Akakaa juu ya gogo mbele ya winchi, akakataa kuondoka mpaka boila iteremshwe. Alikaa pale karibu nusu saa. Mwisho iliteremshwa.

Jioni ile aliomba mnyororo namba 14 uvunjwe mbele ya kila mtu. Ulitundikwa, ukaongezewa vipande vya reli kimoja kimoja. Mnyororo mzima wa unene ule huhimili zaidi ya tani kumi. Huu ulikatika kwenye tani nne na nusu, pete ya katikati, palipokuwa na ufa usioonekana kwa jicho. Joash aliiacha patasi yake pale pale akaenda nyumbani kwa mkewe kabla ya king'ora. Hakuna aliyemzuia.

Jumamosi asubuhi tulipangwa mstari, watu ishirini na watatu. Bwana Tarrow alitaka jina la aliyekata pete. Alimtazama Mzee Muhidin peke yake, kwa kuwa kila mtu alijua kwamba Mzee akiishika kazi ya nyundo anaweza kukuambia ni ya nani. Tena alisema wazi mbele yetu sote: nyapara mkuu anaondoka Julai, kiti chake kimeahidiwa Muhidin, na mtu asiyetaka kusema ukweli hawezi kukaa kwenye kiti hicho. Alimpa hadi Jumatatu.

Jumatatu Mzee alikwenda ofisini amevaa aproni. Karani aliyekuwapo aliyanakili maneno yake, na hivi ndivyo yalivyo: “Bwana, kosa ni ya fito yangu. Mimi nilifundisha hawa watu kuogopa urefu. Sikufundisha wao kuhesabu. Mtu alifanya ile kitu fito ilitaka. Jina sina.”

Alikuwa nalo. Kiti cha nyapara kikapewa fundi mwingine, wa tanuri. Bibi Kuluthum, aliyekuwa amekwisha kuwatangazia majirani wa Bondeni nzima, hakumsemesha mumewe kwa majuma mawili.

Yeye hakunung'unika. Wiki ileile alizishusha fito zote ukutani akazichonga upya. Tangu hapo kila ufito una alama za pete zote, moja moja, pamoja na idadi yake. Pete tano za katikati hupimwa peke yake, ili urefu wa jumla usifiche ya ndani. Baada ya hapo mnyororo hufutwa kwa mafuta ya taa, hukaushwa, hupakwa chokaa laini, na penye ufa mafuta hutoka tena na kuchora mstari mweusi. Hakuna mnyororo unaopitishwa na mtu mmoja, hata awe Mzee Muhidin. Hasa akiwa Mzee Muhidin, kama alivyosisitiza mwenyewe. Katika miaka sita na miezi minane hakuna mnyororo uliokatika juu ya kichwa cha mtu katika karakana hii, na hata katika miaka ile migumu ya hali ya hatari, watu wengine walipochukuliwa na kazi ikabaki kwa wachache, hakuna siku hata moja aliyokubali kipimo kirukwe kwa sababu ya haraka.

Hapa wasifu wa kawaida ungefika kwenye shukrani. Mwandishi aliandika mara tatu akafika hapa, na mara zote tatu alikuwa ameiruka Aprili 1951, akaandika tu kwamba mzee alikuwa mwaminifu na mwenye bidii. Mara zote tatu alichana karatasi. Sasa anaomba ruhusa aache kujiita mwandishi.

Mimi, Kiprugut arap Kosgei, nyapara wa karakana hii, ndiye niliyekata ile pete. Mimi ndiye niliyelivuta lile lori, kwa sababu lilikuwa la jamaa yangu. Mimi ndiye niliyesimama mstarini Jumamosi ile nikiangalia viatu vyangu. Na kiti kilichokuwa cha Muhidin Dualeh, ambacho alikipoteza kwa kukataa kulitaja jina langu, nilikikalia mimi.

Nawaambia kwa unyofu kwamba sikutaka kumwua Joash. Nilipoona mnyororo umelingana na ufito, moyo wangu ulitulia kabisa. Hata niliona fahari kwa jinsi nilivyouunganisha vizuri. Niliamini kwamba ufito ukiridhika, kazi imekwisha. Nilikuwa nimelisikia somo la tatu mara mia, na sikulisikia hata mara moja.

Natumia mkono wa kushoto. Pete ninayoifunga mimi, mshono wake hulala upande ambao haulali kwa fundi mwingine yeyote hapa. Siku ile ya kuvunja mnyororo, nilimwona Mzee akiupitisha ule mshono chini ya kidole gumba. Aliinua macho akanitazama, muda wa kuvuta pumzi moja tu, kisha akautupa mnyororo kwenye pipa na kuanza kupiga mayowe juu ya fito zake. Nilijua amejua. Nilingoja Jumatatu nikijua. Nilipoitwa ofisini Julai na kuambiwa nimepewa unyapara, nilisema asante.

Miaka sita na nusu amefanya kazi chini yangu. Kila asubuhi ameniita Bwana Nyapara, akanieleza minyororo iliyopita na iliyokataliwa, na hakuna hata siku moja aliyoutia ulimi wake kejeli. Ningependa angeutia. Nimekuwa nikimwogopa mtu ambaye hakuwahi kunifanyia lolote ila jema, na woga wa namna hiyo unachosha kuliko nyundo.

Majuma mawili yaliyopita, baada ya kuchana karatasi ya tatu, nilikwenda nyumbani kwake Bondeni mchana wa Jumapili. Nilimwambia nataka kuandika yote. Bibi Kuluthum alisimama mlangoni na sinia mkononi akauliza yote gani, na hapo ndipo niliposadiki kwamba Mzee hakuwa amemwambia hata mkewe. Mzee akasema, “Andika. Lakini andika vizuri vile ulifanya, hatua kwa hatua, na pete ni ngapi. Watu wajue namna inadanganya. Sifa wacha.” Nilimwuliza kwa nini hakunitaja wakati ule. Alisema kama angenitaja ningefukuzwa, na kila mtu angeondoka akidhani ubaya ulikuwa ni Kiprugut, na ufito ungebaki vilevile na kosa lake.

Jumatatu nilimwambia Bwana Tarrow. Nimeurudisha unyapara, nami nitarudi kwenye tanuri kama atakubali. Ameniambia nisubiri hadi mwaka mpya. Jumanne nilimwambia Joash, pale pale chini ya winchi. Alisikiliza hadi mwisho, akachukua kofia yake akaondoka. Hajaniamkia tangu siku hiyo, na ana haki. Ana watoto watatu sasa. Nimewahesabu mara nyingi kuliko pete yoyote.

Mzee Muhidin, kwa niaba ya watu ishirini na tisa wanaoondoka hapa kila jioni na miguu yao miwili, karakana inakushukuru. Mungu akupe afya huko Naivasha, akujalie mifugo inayozaa na kitanda ambacho hakuna atakayekikataa, nawe Bibi Kuluthum akupe subira ya kukaa naye nyumbani mchana kutwa. Wengine wote wamekwisha kukupa mkono. Mimi sijathubutu. Leo, kwenye chai, nitakuja mbele za watu wote nikupe mkono huu wa kushoto ulioujua ukaunyamazia, na ukikataa kuushika, nitaelewa.

Kiprugut arap Kosgei
Fundi wa tanuri